Mashine ya Baba Coletha

Jumapili, 12 Aprili 2026

Siku njema! Misa ilikuwa ndefu lakini sikusinzia sana. Tulipotoka tu, Mzee Damiani kapiga simu kutoka Dareda. Huyu ndiye mshenga wa upande wa kijana. Kasema Jumamosi wanakuja kuleta posa ya binti yetu Coletha. Hatimaye! Mtoto wetu wa kwanza, posa yetu ya kwanza. Nimetembea kutoka kanisani mpaka nyumbani kifua mbele, nikisalimia hata watu nisiowajua.

Tatizo ni majani. Mvua za mwaka huu zimemwagika bila huruma na uwanja wetu hapa Maisaka umekuwa pori. Jana mbuzi wa jirani aliingia humo. Tukamsikia analia, hatukumwona. Philomena, mke wangu, kasema wakwe hawapokelewi porini kama majangili.

Shemeji Melkiori akapata pa kuingilia. Ni kaka yake Philomena, anakaa Nangara, na uwanja wake umetandazwa matofali ya pevingi. Ukikaa naye dakika mbili lazima uisikie habari ya pevingi. Kasema shughuli ihamie kwake. Eti mjomba ni sawa na baba. Sawa na baba wapi! Binti yangu aposwe kwa Melkiori, halafu mimi nioneshwe kiti kama mgeni kwenye posa ya mtoto wangu mwenyewe? Moyo uliniuma kweli. Nilishindwa hata kumalizia ndizi.

Nikasimama mbele ya familia nzima, nikatangaza kwamba nina mashine ya kufyekea. Watu wamesahau! Niliinunua mwaka jana Arusha, ya petroli, mti mrefu wa chuma, injini nyuma, kisu mbele, unaivaa begani kwa mkanda kama askari. Majani yote yatalala chini kabla chai haijapoa. Philomena akaniangalia vile anavyoniangalia siku zote. Akasema sawa, mwisho Alhamisi jioni. Hapo ndipo atampigia Mzee Damiani kumwambia wageni waje Maisaka au waende Nangara.

Mimi sikungoja Alhamisi. Nilimpigia Mzee Damiani leo leo kumtoa wasiwasi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamwambia kwangu kila kitu kipo, hata mashine ninayo. Alifurahi sana! Akauliza kwa mshangao kama kweli nina mashine. Ninayo! Akauliza ni ya umeme au ya dizeli. Ya petroli, nikamwambia. Akasema ya petroli hajawahi kuiona maishani mwake. Akauliza watu wanakuja wengi? Nikamwambia ukweli mtupu, nikiiwasha tu mtaa mzima unajaa. Akasema kijana wao ameangukia pazuri.

Mzee mwenye akili sana yule. Anajua kuthamini vitu vya kisasa.

Jumatatu, 13 Aprili

Nimeitoa mashine. Mwaka jana niliihifadhi kitaalamu. Niliivika blanketi isipate baridi, nikailaza kwenye banda la kuku, mahali ambapo mwizi hawezi kuidhania. Petroli niliiacha ndani ya tenki ili injini isisahau kazi.

Kufunua blanketi, kuku mwekundu kakaa juu ya injini anaatamia! Nilimwomba kwa upole. Akanidonoa mkono. Nilimwomba tena, akanidonoa sikio. Coletha alikuja kumbeba, akambeba bila shida yoyote, yaani kama vile tatizo lilikuwa mimi.

Philomena alilitambua blanketi. Kumbe ndilo lile alilomtuhumu dada yake Katarina kwamba ameondoka nalo. Wamenuniana tangu Krismasi. Nilisema tusamehe yaliyopita. Hakusamehe.

Mahali pa kupitishia hewa pamejaa manyoya na pumba. Lile chujio lake nimelitupa. Nimeweka kipande cha sponji ya kuoshea vyombo, tena kipya. Kisha nikavuta kamba. Nikavuta. Nikavua shati, nikavuta. Nikaingiza choki ya kuzibia hewa, nikatoa choki, nikaingiza tena. Mashine ilikohoa mara moja. Nilipiga kelele ya ushindi mpaka jirani yetu Mama Joyce akachungulia kwenye ua. Basi ndiyo ikawa imetoka hiyo, haikukohoa tena.

Hapo hapo kapita Melkiori kwenye pikipiki yake. Eti anapita tu! Kutoka Nangara kwenda mjini unapitaje uani kwangu? Akasimama, akasubiri nimwamkie. Amenizidi umri kidogo tu lakini hiyo shikamoo anaingojea kama mshahara. Nikampa. Akaitikia polepole huku akiangalia majani, akauliza kama tumeanza kufuga simba. Nikamwambia mashine inapasha misuli.

Alipoondoka nikampigia Mudy, fundi pikipiki wa pale karibu na stendi. Nikamweleza mafuta ni ya mwaka jana. Kasema hapo ndipo penye ugonjwa, mafuta yamelala, na mafuta yaliyolala hayawashi injini. Akakata simu ana mteja.

Yamelala! Si angesema mapema? Chakula kilicholala ni kiporo, na kiporo dawa yake inajulikana hata na mtoto, unakipasha. Nilimimina petroli yote kwenye sufuria ndogo nikaelekea jikoni. Philomena alinikuta hatua chache kutoka kwenye moto. Sijawahi kumwona mwanamke mwenye umbo lile akiruka vile. Alininyang'anya sufuria, akanifukuza hadi barabarani, akanitajia mpaka majina ya marehemu wazee wangu.

Sawa. Sufuria nimeianika juani. Jua nalo ni moto, ila halina kelele.

Jumanne, 14 Aprili

Petroli ya juani imekauka karibu yote. Iliyobaki ina rangi ya chai. Nimenunua mpya, kidumu kizima. Mwanamume hahesabu anapompokea mkwe.

Nilimpigia Mudy tena nipate uhakika. Kule kwake grainda linalia, nikasikia nusunusu. Kasema petroli haiingii peke yake kwenye mashine ya namna hii, itaua injini, lazima ichanganywe na mafuta kidogo ya kulainisha ndani. Nikauliza mafuta gani. Kasema ya kawaida, si unayo hapo nyumbani?

Ninayo! Tena mazuri. Philomena ameweka dumu la mafuta ya alizeti kwa ajili ya pilau na maandazi ya Jumamosi, yamekamuliwa hapa hapa, yananukia shamba. Mudy kasema kidogo. Lakini mimi si mchoyo, nikaweka bakuli lililojaa. Plagi ilikuwa nyeusi tii, nikaisugua kwa tupa ya kucha ya Coletha mpaka ikang'aa. Tupa nimeirudisha mahali pake. Haing'ai tena, ila ipo.

Nikavuta kamba. Ikawaka! Ikawaka jamani! Nilipiga vigelegele mwenyewe. Moshi ukatoka mweupe, mzito, ukatanda mpaka barabarani. Nikaanza kufyeka. Majani yakawa yanaruka, mimi nayaimbia. Nikamaliza eneo la kama mkeka wa kulalia.

Halafu nikasikia harufu. Maandazi! Maandazi ya moto kabisa, yanayotoka kwenye karai sasa hivi. Nikadhani ni njaa yangu. Kumbe ni mashine. Watoto wa jirani wakaja. Mama Joyce akaja na sahani yake, akauliza kama yameiva au tunapika raundi ya pili. Akaja pia babu mmoja nisiyemjua, akakaa kabisa kwenye benchi na kuuliza kama chai ni ya maziwa. Nifanyeje? Niwaambie ni mashine inayonuka hivyo? Habari si ingefika Nangara kabla ya jua kuzama! Nikawaambia wastahimili, Mama Coletha yuko jikoni anamalizia.

Mama Coletha alikuwa sokoni. Mashine ikazimika. Tukakaa, wote, tunangoja.

Philomena aliporudi alikuta baraza limejaa watu wanamtazama kwa matumaini. Nilimvuta pembeni nikamweleza haraka. Alifumba macho. Kisha akaingia jikoni kukanda unga, kwa sababu yeye ni mtu wa heshima na huwezi kumfukuza babu aliyekwisha uliza habari ya maziwa. Akaenda kuchukua dumu la alizeti. Akaliinua. Akalitikisa. Akaniita kwa jina langu la ubatizo, Anselmi, lote, bila Baba Coletha mbele.

Maandazi yalikuwa matamu lakini machache. Mimi sikupewa.

Jumatano, 15 Aprili

Nimekodi bajaji nikaipeleka mashine kwa Mudy. Mti ni mrefu, kisu kikabaki nje ubavuni. Watu wa Babati leo wamenipisha barabara nzima kama mkuu wa mkoa. Raha ilioje!

Mudy aliifungua, akanusa tenki, akaninusa na mimi. Akauliza nimeweka nini. Nikamwambia mafuta, kama alivyosema. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye tairi. Akawaita mafundi wenzake waje wanuse. Kumbe alimaanisha oili! Ile oili maalumu ya kuchanganyia, yenye kichupa chake. Sasa kwa nini hakusema oili? Petroli ni mafuta. Oili ni mafuta. Alizeti ni mafuta. Hata aliyonipaka askofu siku ya kipaimara ni mafuta! Mtu atajuaje? Nilimwambia kosa ni lake, akasema, "Mzee baba, umechemka, tena umechemkia mafuta." Wote wakacheka tena. Vijana wa siku hizi hawana adabu.

Ila kazi anaijua kiasi. Kabureta ilikuwa imeganda gundi, akaiosha. Akabadilisha plagi. Akaitoa sponji yangu kwa vidole viwili, akaweka chujio jipya. Akachanganya petroli na oili yake, kidogo sana kwa macho yangu, akajaza tenki na kunipa kichupa kilichobaki. Alivuta kamba mara moja tu, ikawaka. Mara moja! Kwa mkono wa kushoto! Hilo lilinikera.

Akaanza kunipa somo. Kila nikijaza petroli nichanganye na oili, nisithubutu kuweka petroli tupu. Msimu ukiisha nimwage mafuta yote, niiwashe mpaka izime yenyewe, niifute, niining'inize mahali pakavu. Na mengine mengi. Nilikuwa naitikia kwa kichwa huku nikimtazama dereva wa bajaji, maana nilikuwa nimepata wazo.

Wazo lilikuwa tupitie Nangara. Tukapita! Melkiori alikuwa amekaa kwenye pevingi yake anakunywa kahawa. Nilishuka, nikavaa mkanda, nikaiwasha pale pale mbele ya geti lake. Ikanguruma mpaka kahawa ikatetemeka kikombeni. Akaniambia kitu sikumsikia. Nikamwambia kitu hakunisikia. Tulikaa hivyo muda mrefu, mimi nimekaza moto wa injini tu, anione vizuri.

Kisha nikaona majani membamba yameota katikati ya matofali ya pevingi. Roho nzuri ikanituma nimsaidie. Nikainamisha kisu.

Cheche! Mlio! Kipande cha pevingi kiliruka kikagonga geti, kingine kikaingia kwenye kahawa. Melkiori alishika kichwa kwa mikono miwili akilia pevingi yangu, pevingi yangu, kama amefiwa. Dereva wa bajaji alikuwa ameshawasha. Niliruka ndani na mashine ikiwa bado inaunguruma, kisu nje, mpaka kona ya pili ndiyo ikazimika. Tenki limekauka.

Pamoja na hayo, ameiona inafanya kazi. Sasa hana la kusema.

Alhamisi, 16 Aprili

Siku ya mwisho. Niliamka mapema, nikanywa chai, nikavaa kofia. Uwanja wote unaningoja, ule mkeka wa juzi upo katikati kama kipara.

Nikachukua kidumu cha petroli nijaze. Kichupa cha oili kiko pale pale. Nikafikiri. Siku ile moshi ulileta watu na masahani. Jumamosi wanakuja wakwe wenye pua zao. Oili ndiyo inayoleta moshi, bila oili hakuna moshi. Jambo liko wazi! Mudy ni fundi wa pikipiki, hajui mambo ya kupokea wageni. Nikajaza petroli safi, peke yake, nyeupe kama maji ya chemchemi.

Iliwaka kwa mvuto mmoja. Mmoja! Nilitamani Mudy angekuwepo. Hakuna moshi, hakuna harufu, sauti imekuwa nyembamba, inakimbia kuliko jana. Nikafyeka kuzunguka ngazi, nikafyeka kuelekea choo. Philomena alitoka jikoni, akasimama, akatabasamu kidogo. Nimemwona! Nikampungia mkono. Nikaongeza moto.

Ikalia kaa! Ikasimama. Siyo kuzimika, kusimama. Kamba ikagoma kuvutika kabisa, nilipoikaza ikanivuta mimi. Injini ilikuwa ya moto, inatoa vijisauti tik tik tik. Nikamwagia maji ya baridi ipoe haraka, ikapiga kelele pshaa, halafu kimya.

Nilimpigia Mudy. Akauliza swali moja tu, niliweka oili? Nikasema inategemea unavyolitazama swali. Akasema injini imenoki, imekwama ndani kwa kukosa oili. Akanipa pole. Safari hii hakucheka, na hapo ndipo nilipoogopa.

Jioni Philomena akatoka na simu mkononi. Hakugomba. Heri angegomba. Alikaa barazani akatafuta namba ya Mzee Damiani, akanitazama kama anataka kusema samahani. Imekula kwangu. Niliangalia yale majani nikajiona mtu bure. Nilijenga nyumba hii tofali kwa tofali, nimemlea mtoto huyu humu ndani, na atakuja kuombwa kwenye pevingi ya watu. Machozi yalinilengalenga. Nilisingizia vumbi la nyasi.

Ndipo tukasikia fwaa, fwaa, fwaa. Coletha! Kachukua fyekeo la zamani lililoachwa na babu yake, kajifunga kanga kiunoni, anafyeka kuanzia getini. Nikamwambia aache, atapata malengelenge, na bibi harusi mtarajiwa hafyeki. Akasema anataka kuombwa nyumbani kwa baba yake, basi. Hakuinua hata kichwa. Akamwomba mama yake asipige simu mpaka kesho mchana.

Philomena akaweka simu chini. Mimi nikaenda kuazima mafyekeo mawili kwa Mama Joyce. Alinipa, akauliza kama maandazi yapo.

Ijumaa, 17 Aprili

Mgongo! Mikono! Kiuno sikisikii, nadhani kimebaki kule karibu na mpera.

Tulianza alfajiri, Coletha, Philomena na mimi. Saa nne hatujafika hata nusu. Majani mabichi yana umande, fyekeo linateleza, nami kila nikisimama kunywa maji nakuta Coletha amenipita tena.

Kaja Melkiori. Kaja kumwambia Philomena kwamba pevingi imeoshwa na lile shimo limewekwa chungu cha maua juu yake. Akaniona nimelowa jasho, akacheka kicheko kirefu. Kasema nashika fyekeo kama mwavuli.

Nilikuwa nimechoka sana, sikupanga chochote, maneno yalitoka yenyewe. Nilimwambia mtu aliyezoea kutembea kwenye pevingi amesahau majani yanafananaje, na kwamba akipewa fyekeo atazimia kabla ya kufika kwenye mpera. Akauliza nani azimie. Nikasema wewe, shikamoo.

Akavua koti! Akalitundika kwenye mashine yangu iliyoegemezwa ukutani, akamnyang'anya Philomena fyekeo, akaanza. Basi ikawa vita. Yeye kushoto, mimi kulia. Yeye akisema mstari wake umenyooka, mimi nikisema wangu una urefu. Tulitukanana kwa heshima, shemeji huku, shemeji kule. Mama Joyce alileta kiti akakaa kutazama. Coletha akawa anampigia makofi mjomba wake, halafu mimi, halafu mjomba wake tena, na sisi kama ng'ombe wa plau tunakwenda tu.

Tulifika kwenye mpera pamoja. Nasema pamoja. Yeye anasema vingine.

Tulipoinua vichwa, uwanja ulikuwa mweupe kabisa. Ukubwa wake nilikuwa nimeusahau! Melkiori alikaa chini anahema, akamwangalia Coletha, akasema mtoto huyu alimbeba mgongoni siku alipoanza kutembea, basi aposwe hapa, yanatosha. Nilimpa maji. Halafu akasema majani yote ni ya ng'ombe wake, akaagiza gari. Ndivyo alivyo.

Philomena amempigia Mzee Damiani. Maisaka!

Nimefikiria jambo hili kwa makini na naona wazi kuwa mashine imetusaidia sana. Bila mashine Melkiori angetundika wapi koti?

Jumamosi, 18 Aprili

Wamekuja! Pikapu mbili na bajaji moja. Turubai limesimama, viti vimepangwa, uwanja unang'aa. Mzee Damiani alishuka, akauzungushia macho uwanja, akasema hapa ni kwa watu. Mbele ya Melkiori! Nilimwomba arudie, nikajifanya sikusikia vizuri.

Mambo yalikwenda kwa utaratibu. Mzee Damiani akasema wameona ua zuri katika nyumba hii na wamekuja kuliomba. Coletha akaitwa, akaulizwa kama anawafahamu wageni hawa. Akainamisha kichwa, akasema anawafahamu, huku anajibana asicheke. Vigelegele! Philomena akalia. Melkiori akalia. Mimi vumbi la nyasi likanirudia.

Baada ya pilau, Mzee Damiani akasimama tena. Kasema sasa sisi ni ndugu na hawakuja mikono mitupu. Akawaita vijana wao wakashushe mizigo kwenye pikapu ya pili. Yakaanza kushuka magunia ya mahindi. Gunia. Gunia. Gunia jingine. Yakapangwa kwenye uwanja wangu mpaka yakafika dirishani. Nilishikwa na furaha, nikashika kipaza sauti, nikatoa shukrani ndefu kwa zawadi hii kubwa, nikaiombea Dareda mvua.

Mzee Damiani akanishika bega kwa upendo. Akasema siyo zawadi, mkwe. Ni mahindi ya unga wa harusi. Yeye mwenyewe aliwaambia ukoo wote kwamba baba wa binti ana mashine, tena ya petroli, na watu wanajaa. Sasa kwa nini wakapange foleni kwenye mashine za watu baki na ndugu anayo ya kusagia nyumbani kwake? Akasema wazee wangependa waione sasa hivi, kama haitakuwa usumbufu.

Ya kusagia! Mashine ya kusagia!

Soda ilimtokea Melkiori puani. Aliinama chini ya meza, nikaona mabega yake yanatikisika. Philomena alinitazama, akatikisa kichwa taratibu, maana yake sema ukweli, Baba Coletha, sema sasa hivi, watacheka na yataisha. Coletha pia alinitazama. Wazee wote wa Dareda walinitazama, nyuso zao zimejaa heshima. Sijawahi kutazamwa hivyo na watu wengi kwa pamoja.

Nikasema mashine iko kwa fundi, inanolewa.

Wakapiga makofi.

Jumapili, 19 Aprili

Magunia yamehamia sebuleni. Ili kufika chumbani napita ubavu ubavu. Philomena anapita vizuri tu, lakini haongei. Coletha aliniletea chai, akanisihi niwaambie wakwe ukweli kabla mambo hayajakua. Nikamwambia nitalitafakari. Mtoto mzuri, ila hana uzoefu wa maisha.

Baada ya misa nilikwenda kwa Mudy nikamuuliza kwa lugha ya kitaalamu kama injini ya kufyekea, ukitoa kisu na kufunga kitu kizito mbele, inaweza kusaga mahindi. Akasema ile injini hata ikifufuka haisagi pilipili. Akaniomba nisiiguse. Vijana hawana maono! Yeye anaona injini iliyonoki. Mimi naona injini ambayo haijawahi kupewa kazi ya hadhi yake. Nimekwisha ifungua kwa bisibisi ya Philomena, vipande vyote viko kwenye sinia, vichache tu sijui vinatoka wapi.

Mchana Mzee Damiani kapiga simu. Kasema wamefika salama na wanashukuru sana. Habari ya mashine ameitangaza pale Dareda baada ya misa, na kila mtu ameipokea vizuri. Kwaya wanaulizia. Mama mkwe mtarajiwa na dada zake wanaulizia. Kuna majirani wana mtama, wanauliza kama mashine itaukubali. Akataka kujua kama atakuwa ananisumbua akiwaambia waje.

Nilikuwa nimekaa katikati ya magunia, nikasikia sauti yake ilivyojaa furaha, na nikakumbuka wale wazee walivyonitazama. Nikamwambia mtama inakubali, hata ulezi. Wote wanakaribishwa. Ila waje mapema, maana foleni itakuwa kubwa.